Radi za Kisumu: Jinsi mawingu ya Ziwa Victoria yanavyofuatiliwa

WAKAZI wa Kisumu hawahitaji kalenda kujua kwamba msimu wa radi umewadia. Kuanzia saa nane alasiri, mawingu meupe huanza kurundikana juu ya milima ya Nandi, kaskazini-mashariki mwa jiji. Ifikapo saa kumi, vichwa vya mawingu hayo huwa vimetandaa mithili ya fuawe ya mhunzi, na sehemu zake za chini zimegeuka nyeusi tititi. Muda mfupi baadaye upepo wa baridi hushuka kutoka milimani, vumbi hutimka katika nyanda za Kano, na mvua humwagika kwa kishindo.

Kwa mchuuzi wa soko la Kibuye, hiyo ni ishara ya kufunika bidhaa. Kwa mvuvi wa omena anayejiandaa kuingia ziwani jioni hiyo hiyo, ni suala la uhai. Ndiyo maana kandokando ya ziwa hili wamekuwapo, tangu zamani hadi sasa, watu wanaojishughulisha na kufuatilia dhoruba: wazee wa koo zinazosifika kwa utabiri, wapimaji wa mvua katika misheni na mashamba ya chai, walimu wenye vituo vya hali ya hewa shuleni, na wataalamu wa serikali wanaotazama picha za setilaiti. Makala haya yanaeleza chanzo cha dhoruba hizo, hatari yake, na namna wanaozifuatilia wanavyofanya kazi.

ZIWA LINALOZAA MVUA

Ziwa Victoria, ambalo Waluo huliita Nam Lolwe, lina eneo la takriban kilomita 68,800 mraba na liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kenya inamiliki kama asilimia sita tu ya ziwa hilo, lakini ufuo wake unapita katika kaunti tano: Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori. Jiji la Kisumu limekaa kwenye ncha ya mashariki ya Ghuba ya Winam, mkono mwembamba wa maji uliopenya nchi kavu. Ghuba hiyo imepakana na nyanda za juu: Nandi kaskazini-mashariki, Kericho mashariki na Kisii upande wa kusini.

Umbo hilo la nchi ndilo linalozaa radi. Mchana, ardhi hupata joto upesi kuliko maji. Hewa iliyo juu ya ardhi hupanda, na hewa yenye unyevu kutoka ziwani huingia kushika nafasi yake. Upepo huo wa ziwani unapokutana na miinuko, na papo hapo ukakabiliana na upepo wa mashariki unaovuka Bonde la Ufa, hewa hukosa pa kwenda ila juu. Kadiri inavyopanda ndivyo inavyopoa. Mvuke hugeuka kuwa matone, na joto linaloachiliwa katika mgeuko huo huisukuma hewa juu zaidi. Wingu la radi katika ukanda huu laweza kufikia kimo cha zaidi ya kilomita 12. Ndani yake chembe za barafu hugongana na kutenganisha chaji za umeme, hadi tofauti inapokuwa kubwa mno na radi ikapiga.

Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa ilhali maji hubaki na joto lake. Pepo huteremka kutoka pande zote za nchi kavu kuelekea ziwani, zikakutana juu ya maji na kuinua hewa yenye unyevu. Ndipo dhoruba inapozaliwa ziwani kwenyewe, mara nyingi baada ya usiku wa manane hadi asubuhi. Kwa kuwa upepo wa mashariki huisukuma mikusanyiko hiyo, upande wa magharibi wa ziwa, vikiwemo visiwa vya Ssese nchini Uganda, hupata mvua nyingi kuliko upande wa mashariki. Hata hivyo, maji ya Kenya hayajasalimika, kwa sababu dhoruba za jioni kutoka milimani nazo huteremka hadi kwenye ghuba.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1970 mtaalamu wa hali ya hewa F. E. Lumb alichapisha uchambuzi wa jinsi sura ya nchi inavyoathiri radi karibu na ziwa hilo, na mwaka 1972 Klaus Fraedrich akaeleza kwa hesabu mzunguko wa upepo wa usiku juu ya ziwa.

Msomaji wa habari za nchi za kaskazini huenda akadhani radi ni jambo la majira ya joto pekee. Kisumu haina majira ya aina hiyo. Jiji liko kilomita chache tu kusini mwa ikweta, na mstari wenyewe unapita Maseno, kwenye barabara ya kuelekea Busia. Mvua ndefu hunyesha kuanzia Machi hadi Mei na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, lakini radi yaweza kupiga katika mwezi wowote wa mwaka.

SAA ZA HATARI

Uvuvi wa omena hufanywa usiku, hasa usiku usio na mbalamwezi, kwa kutumia taa zinazowavutia samaki hao wadogo. Mashua huondoka ufuoni jioni na kurejea alfajiri au asubuhi. Kwa maneno mengine, wavuvi huwa katikati ya maji saa zile zile ambazo ziwa hutengeneza dhoruba zake. Mashua nyingi ni za mbao, hazina paa, na mara nyingi aliyemo ndiye kitu kirefu kuliko vyote kwenye eneo pana la maji.

Radi si adui pekee. Mvua inapoanguka kwa wingi huburuta hewa baridi kutoka juu, na hewa hiyo inapofika kwenye maji husambaa kwa nguvu pande zote. Upepo huo wa ghafla hufika kabla ya tone la kwanza la mvua na huinua mawimbi mafupi yaliyosimama wima, hasa ndani ya Ghuba ya Winam ambako maji si ya kina kirefu. Mashua iliyosheheni haichukui muda kupinduka. Wakati mwingine nguzo ya maji inayozunguka huning'inia kutoka kwenye wingu hadi ziwani.

Hakuna daftari moja la vifo vya ziwani katika nchi zote tatu. Makadirio yaliyonukuliwa kwa miaka mingi ni kati ya watu 3,000 na 5,000 kwa mwaka. Tathmini za baadaye zimetoa idadi ndogo zaidi, na si kila kifo husababishwa na hali ya hewa. Kujaza abiria kupita kiasi, ubovu wa vyombo na ukosefu wa jaketi za kuokoa maisha pia vina mchango. Lakini hata makadirio ya chini yanaonyesha msiba unaojirudia kila mwaka bila kugonga vichwa vya habari, kwa kuwa waathiriwa hufa wawili wawili au watatu watatu, usiku, mbali na macho ya watu.

Usafiri wa anga nao umeonja makali hayo. Mnamo Novemba 6, 2022, ndege ya shirika la Precision Air ilianguka ziwani karibu na Bukoba, Tanzania, ilipokuwa ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 walipoteza maisha.

UKANDA WA RADI NA MVUA YA MAWE

Ukanda unaozunguka ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Mji wa Tororo, ulioko Uganda karibu na mpaka wa Kenya, umetajwa kwa muda mrefu katika vitabu vya kumbukumbu kuwa unapata takriban siku 251 za radi kwa mwaka.

Nyanda za juu za Kericho na Nandi nazo zinajulikana kimataifa kwa mvua ya mawe. Mawe hayo hupasua majani ya chai na kusababisha hasara kubwa kwa wakulima. Katika miaka ya 1960 makombora yenye baruti yalirushwa mawinguni huko Kericho katika jaribio la kupunguza uharibifu huo, na baadaye ndege zikatumiwa kunyunyizia mawingu kemikali ya iodidi ya fedha. Majaribio hayo yaliacha kumbukumbu nyingi za kisayansi kuhusu mawingu ya eneo hilo, ingawa ilikuwa vigumu kuthibitisha kwamba mvua ya mawe ilipungua kwa sababu yake.

Wanafunzi wamekuwa miongoni mwa waathiriwa wakubwa wa radi. Mnamo Juni 2011, watoto 18 walifariki baada ya radi kupiga Shule ya Msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo, Uganda. Mnamo Oktoba 2018, wanafunzi sita waliuawa na radi shuleni mkoani Geita, kusini mwa ziwa. Majengo mengi ya shule katika ukanda huu yana mabati juu lakini hayana waya wa kuupeleka umeme ardhini. Shirika la ACLENet, lenye makao yake Uganda, limekuwa likiweka vikinga radi shuleni na kuwafunza walimu.

SIKIO LA MPIMAJI

Neno "siku ya radi" lina maana mahususi katika taaluma ya hali ya hewa: ni siku ambayo ngurumo imesikika kituoni, hata mara moja. Haijalishi kama mvua imenyesha au la. Kwa hiyo, kwa zaidi ya karne moja, takwimu za radi zimetegemea sikio la mtu aliyeketi mahali pamoja na kalamu mkononi.

Mwaka 1929 serikali ya kikoloni iliunda idara moja ya hali ya hewa kwa ajili ya Afrika Mashariki. Idara hiyo iliendelea hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali ilipovunjika mwaka 1977, na kila nchi ikabaki na yake. Pamoja na vituo rasmi, kazi kubwa ilifanywa na watu wa kujitolea: wamishonari, mameneja wa mashamba ya chai, wakuu wa stesheni za reli na walimu, ambao walisoma kipima mvua kila siku saa tatu asubuhi na kutuma taarifa zao kila mwezi.

Katika kituo cha Uwanja wa Ndege wa Kisumu, mpimaji bado hunakili aina ya mawingu, mwelekeo wa upepo, umbali ambao jicho linaona na ngurumo zilizosikika. Rubani anayekaribia kutua huzihitaji taarifa hizo kabla ya mtu mwingine yeyote. Baada ya ugatuzi, Idara ya Hali ya Hewa ilifungua ofisi katika kaunti, ili utabiri utolewe kwa kuzingatia mahitaji ya wakulima na wavuvi wa eneo husika.

WAZEE WA NGANYI

Kilomita chache kaskazini mwa Kisumu, katika eneo la Emuhaya, Kaunti ya Vihiga, unaishi ukoo wa Nganyi wa Abanyole. Kwa vizazi vingi wazee wa ukoo huo wamesifika kwa kutabiri mvua. Hutazama upukutikaji wa majani na uchanuaji wa miti fulani, nyendo za mchwa na nyuki, milio ya vyura na ndege, na mwelekeo wa upepo. Vichaka vyao vitakatifu vimehifadhi miti ya kiasili ambayo imetoweka kwingineko.

Kuanzia mwaka 2008, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na kituo cha hali ya hewa cha IGAD, kijulikanacho kama ICPAC, pamoja na wasomi wa vyuo vikuu, walianza kuketi na wazee hao kabla ya misimu ya mvua. Kila upande ulitoa utabiri wake, kisha pande zote zikaafikiana kuhusu ujumbe mmoja wa kuwapelekea wakulima. Kituo cha redio ya jamii kilianzishwa ili ujumbe huo uwafikie watu kwa lugha yao.

Mpango huo ulikuwa na mipaka. Dalili za wazee zinahusu zaidi msimu: je, mvua itawahi au itachelewa, itakuwa nyingi au haba? Haziwezi kusema kama radi itapiga Dunga saa kumi na moja jioni. Faida yake kubwa ilikuwa nyingine: mkulima ambaye hakuwa na imani na utabiri wa Nairobi alianza kuusikiliza ulipotoka pia kinywani mwa mzee anayemfahamu.

SHULE ZENYE MITAMBO

Tatizo la muda mrefu limekuwa uchache wa vituo. Dhoruba moja ya radi yaweza kuwa na upana wa kilomita kumi tu. Ikipita kati ya vituo viwili vilivyo mbali, haiachi alama yoyote kwenye kumbukumbu. Mradi wa TAHMO, ulioasisiwa na Nick van de Giesen wa Delft, Uholanzi, na John Selker wa Oregon, Marekani, ulibuni njia ya kuziba pengo hilo. Mitambo midogo inayojiendesha huwekwa katika viwanja vya shule, ambako hupata ulinzi, na walimu hutumia takwimu zake darasani. Mtambo hupima mvua, joto, unyevunyevu, upepo na mwanga wa jua, kisha hutuma taarifa kupitia mtandao wa simu. Kenya, ikiwemo sehemu yake ya magharibi, ni miongoni mwa nchi zilizopata vituo vingi.

Juu angani, setilaiti za Meteosat hupiga picha za mawingu ya Afrika kila baada ya dakika chache. Setilaiti ya kizazi kipya iliyorushwa Desemba 2022 ina chombo maalumu cha kuona mimuliko ya radi usiku na mchana. Picha za Meteosat ndizo zinazotumiwa pia na programu ya simu iitwayo FASTA, iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds na washirika wao wa Afrika, ambayo humwonyesha mwenye simu mahali dhoruba ilipo na inakoelekea.

ILANI INAYOFIKA UFUONI

Hatua kubwa zaidi kwa wavuvi ilikuja na mradi wa HIGHWAY, ulioanza mwaka 2017 chini ya uongozi wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani na kufadhiliwa na Uingereza. Idara za Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zilianza kubadilishana taarifa za rada, setilaiti na vituo vya ardhini. Utabiri wa ziwa uligawanywa kwa kanda na kutolewa mara mbili kwa siku, ukieleza upepo, mawimbi, mvua na kiwango cha hatari kwa maneno mepesi. Redio za lugha za wenyeji ziliutangaza, na kamati za usimamizi wa fuo, maarufu kama BMU, zikaupeleka kwa wavuvi.

Tathmini ya mradi huo ilikadiria kwamba vifo vinavyotokana na hali ya hewa ziwani vilipungua kwa takriban asilimia 30. Haya ni makadirio, lakini yanaonyesha jambo muhimu: uhai uliokolewa kwa sababu mvuvi alipata neno la kueleweka kabla hajasukuma mashua majini.

Bado yapo mapengo. Ilani haimfai mvuvi asiye na redio wala chaji kwenye simu. Wengine huisikia na bado huondoka, kwa kuwa usiku mmoja bila omena ni siku moja bila chakula nyumbani. Na utabiri unapokosea mara mbili mfululizo, hupoteza imani iliyochukua miaka kujengwa.

MIAKA IJAYO

Mwaka 2016, watafiti wakiongozwa na Wim Thiery wa Ubelgiji walichapisha utafiti uliotahadharisha kwamba ongezeko la joto duniani litazidisha ukali wa dhoruba za Ziwa Victoria. Iwapo gesi zinazochafua hewa zitaendelea kuongezeka, dhoruba kali ambayo sasa hutokea mara moja katika miaka 15 inaweza kutokea karibu kila mwaka kufikia mwisho wa karne hii.

Mwaka uliofuata watafiti hao walionyesha jambo la kutia moyo: radi za alasiri juu ya nchi kavu zinaweza kutumiwa kukadiria ukali wa dhoruba za ziwani usiku unaofuata. Kwa hiyo, anayefuatilia mawingu ya mchana kwa makini ana saa kadhaa za kuwaonya walio ufuoni.

MAMBO YA KUZINGATIA

Wingu linalokua kwenda juu kwa kasi, likiwa na kichwa kilichotandaa kama fuawe, ni wingu la radi. Upepo wa joto ukikatika na wa baridi ukaanza ghafla, dhoruba iko karibu.

Umbali wa radi hupimwa kwa kuhesabu sekunde kati ya mmuliko na ngurumo. Kila sekunde tatu ni sawa na kilomita moja hivi. Hesabu isipofika 30, radi iko ndani ya kilomita kumi, na huo ni wakati wa kuingia ndani ya jengo imara au gari lililofungwa. Ni vyema kusubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho kabla ya kutoka.

Kujikinga chini ya mti ni hatari, sawa na kusimama mlangoni mwa banda la mabati lililo wazi au karibu na ua la waya. Aliye ziwani anapaswa kurejea ufuoni mapema. Dhoruba ikimkuta majini, avae jaketi ya kuokoa maisha, ashushe tanga na mlingoti, na ajiinamishe katikati ya mashua mbali na vyuma.

Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini, hivyo anaweza kuguswa na kusaidiwa mara moja. Moyo au pumzi huweza kusimama, na anayeanza papo hapo kumbana kifua na kumpulizia hewa anaweza kumrejesha. Katika jamii nyingi za ukanda huu, radi huhusishwa na laana au ulozi, na majeruhi huachwa akisubiri tambiko. Dakika hizo chache ndizo zinazoamua kama ataishi.